Kiyomi Anajifunza Kunyang'anya

Kiyomi Tsukagoshi alikuja Toronto mwaka 2003 kwa sababu ambayo ofisa wa uhamiaji asingeielewa hata angeelezwa mara mbili: alitaka kucheza namba tisa. Wengine tulikuja huku kukimbia njaa au vita, wengine kusoma, na wengine, kama mimi, kwa kuwa watoto walitutumia tiketi tukadhani ni heshima, kumbe walitaka mtu wa kukaa na wajukuu. Yeye alikuja kwa sababu kwao walimgeuza beki wa kulia.

Kwao ni mji mdogo wa mkoa wa Gunma. Shuleni alifunga magoli mpaka walimu wa hesabu wakamjua. Alipomaliza, akaajiriwa katika kiwanda cha swichi za umeme chenye timu yake ya wanawake; asubuhi unaunganisha swichi, alasiri unacheza mpira. Katika timu ile mdogo ndiye aliyebeba mipira na kufua jezi, na mdogo akifika mbele ya goli akamwona dada yake mkubwa, yaani mchezaji aliyemzidi umri, humpa mpira. Kiyomi alikuwa mdogo kuliko wote. Akawapa. Aliwapa wakiwa huru, akawapa wakiwa wamebanwa, na siku moja, mwenyewe alinisimulia, alimpa dada mmoja aliyekuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Kocha akamwita pembeni akamwambia, kwa upole, kwamba roho yake ni roho ya beki. Huko kwao ukiambiwa jambo kwa upole, ujue limekwisha.

Sitaficha: niliposikia mkasa huo niliwapenda Wajapani. Watu wanaojua nani mkubwa na nani mdogo! Hapa mjukuu wangu huniita kwa jina langu la ubatizo, akitafuna.

Toronto alipata kazi katika kiwanda cha mikate cha Downsview, kule ambako nyumba za kupanga zimepakana na maghala. Meza moja naye alikanda Philomena, aliyemfundisha Kiswahili wakikanda, na Philomena alikuwa mke wa Leonce Ngonyani, kocha wa timu ya wanawake ya mtaa. Hivyo ndivyo Mjapani alivyofika kwetu.

Kuhusu huyu Leonce, msomaji asishangae nikimsema vibaya. Yeye ni Mngoni wa Peramiho, mimi ni Mhehe wa Iringa. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, kisha wakakubaliana kwamba tangu hapo watu wao watatukanana tu, bila hasira na bila kisasi. Huo ndio utani. Mtani akikuambia una kichwa kama mtungi, huna ruhusa ya kununa. Akimkuta kuku wako uani anamchukua, na wewe unangoja zamu yako. Vijana wa sasa wakisikia utani wanadhani ni vichekesho vya kwenye simu. Basi, Leonce ana kichwa kama mtungi, na mchana anaendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti.

Timu aliiita Ruvuma, jina la mto ambao kati ya wachezaji wote ni Benedicta peke yake aliyepata kuuona. Benedicta alikuwa nahodha na kiungo, Mngoni naye, mwuguzi wa wazee mwenye mapafu ya tarumbeta. Wengine walikuwa Wakenya na Wakongo, mama mmoja wa Jamaika, na golikipa Mreno aliyekuja siku moja kuuliza njia, akabaki. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya maghala. Malori yalirudi nyuma yakilia pii pii wakati wote, hata mwamuzi akipuliza kipenga, nusu ya wachezaji waliendelea kucheza.

Siku ya kwanza Leonce alimwekea Kiyomi mpira mbele ya goli tupu. Kiyomi alipiga wavu ukachanika. Leonce akamvua mtu mwingine jezi ya namba tisa pale pale, akampa yeye.

Lakini goli tupu halina dada mkubwa. Siku ya mechi Kiyomi alimpita beki wa kwanza, akampita wa pili, golikipa akaanguka, goli likabaki wazi kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu, na yeye akageuka kutafuta wa kumpa.

"Piga!" alilia Leonce kwa Kiswahili. "Piga!" kwa Kiingereza. Kisha kwa Kingoni, lugha ambayo hata Benedicta alikuwa ameanza kuisahau.

Mpira ulikwenda kwa Benedicta, ambaye alikuwa bado anakuja mbio kutoka katikati, na ukampita.

"Kwa nini unanipa mimi?" Benedicta alimuuliza, mikono kiunoni. "Mimi niko huku, goli liko kule!"

"Wewe ni mkubwa wangu," alisema Kiyomi, akainamisha kichwa.

Misimu mitatu ilipita hivyo. Alikimbia kuliko wote, akapika magoli ya wote, na yeye mwenyewe hakufunga hata moja. Majira ya kuchipua ya mwaka 2006 akaja Tazmin, binti wa Kiismailia, wazazi wazaliwa wa Moshi, mwenyewe mzaliwa wa hapa hapa; Kiswahili anakielewa chote, na anakujibu Kiingereza chote. Tazmin alikuwa na mbio za swala na hakuwa na haya. Alipiga kutoka mahali ambapo mtu mwenye busara angesimama kwanza akasali. Mengi yaliruka juu, lakini mengine yaliingia, na timu ikaanza kunong'ona.

Leonce alimweleza Kiyomi mbele ya Philomena, ili asije akasema hakuelewa. "Msimu huu tu, mwanangu. Ukifunga hata goli moja, namba tisa ni yako mpaka uchoke. Usipofunga, anavaa Tazmin, na wewe utakuwa beki wa kulia."

Kiyomi akashukuru, akainama, akaondoka. Kesho yake kazini, Philomena aliniambia, alikanda unga wa watu watatu peke yake, akiupigiza mezani mpaka msimamizi akaja kutazama.

"Kama ni beki," alimwambia Philomena bila kuinua macho, "ningebaki kwa mama. Kule chakula ni kizuri zaidi."

Mwezi wa sita alifariki mzee Kalinga wa Brampton, Mhehe mwenzangu. Tukakusanyika katika ukumbi wa kampuni ya mazishi, wenye zulia linalomeza nyayo. Kila mtu alipewa karatasi ya rangi yenye ratiba. Watoto wake walipanda mmoja mmoja kumsifu kwa Kiingereza kizuri, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyelia kwa sauti kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi hiyo. Nikaona tunamzika mzee Kalinga kama meneja wa benki.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Leonce amevaa koti la marehemu. Alikuwa amekwenda kulichukua nyumbani kwa mjane asubuhi ile, bila kuomba. Kofia ya marehemu kichwani, kikohozi cha marehemu kooni, alipita katikati ya viti akilalamikia baridi vile vile alivyolalamika Kalinga miaka yote, akaenda kuketi karibu na jeneza.

"Sogea, Mhehe!" akaliambia jeneza. "Umejaa mahali pote kama ulivyojaa kwenye kochi langu!"

Mjane, aliyekuwa hajasema neno tangu juzi, akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Mtoto wa kwanza, Evans, akasimama amekunja ngumi. Mtumishi wa ukumbi akatoa simu mfukoni.

"Maiti haitoki hapa," Leonce aliendelea, "mpaka nipewe paja la kuku! Huyu mla mbwa, kama Wahehe wenzake wote, amekula kwangu tangu alipofika nchi hii, leo anaondoka hata hajaaga?"

"Kaa chini," nilimwambia Evans. "Leo huyu ana haki kuliko wewe."

Philomena akafungua mkoba, akatoa paja la kuku lililofungwa kwenye karatasi ya kuokea. Alikuja amejiandaa, ameolewa na Mngoni huyo muda mrefu. Leonce akalipokea, akainuka, na jeneza likapita.

Kiyomi alikuwa ameleta maandazi ya msibani kutoka kiwandani. Alisimama karibu nami na sinia mkononi, macho yamemtoka.

"Hawakasiriki?" aliniuliza nje, kwenye maegesho.

"Hawaruhusiwi."

"Kwa nini?"

"Babu zao walipigana. Waliopigana wakimaliza ndio huwa watani."

Leonce alikuwa nyuma yetu anatafuna. "Hata baba yangu alipigana," akasema. "Vita vya Hitla. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Walimpeleka Burma."

"Burma alipigana na nani?" Kiyomi akauliza.

Leonce akaacha kutafuna. Niliona wazo likipanda usoni mwake polepole, kama mawazo yanavyopanda kwa Wangoni wote.

"Na ninyi!" akapaza sauti, akamnyooshea mfupa. "Na ninyi Wajapani! Jamani, huyu ni mtani wangu! Miaka mitatu niko na mtani wangu uwanjani namwita mwanangu!"

Wazee waliokuwepo walilipima jambo hilo kwa makini, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyeona kasoro. Vita vilikuwepo, watu walikufa pande zote mbili, na vimekwisha. Kiyomi akatangazwa mtani wa Wangoni pale pale, kati ya magari.

Lakini hatukumweleza vizuri. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa Leonce tunacheza bao, mlango ukagongwa. Alikuwa Kiyomi, amevaa suti nyeusi, mikononi ameshika boksi la keki lililofungwa kwa kitambaa cha hariri. Akainama mpaka nywele zikagusa boksi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, "kwa mambo ya Burma. Kwa baba yako."

Leonce alikuwa na fulana ya ndani na taulo. Hakujua aweke wapi mikono. Alitazama keki, akanitazama mimi, na mimi sikumsaidia.

Philomena alitoka jikoni akicheka mpaka akashika ukuta. "Mtani haombi radhi, binti yangu! Mtani anatukana. Mtani anachukua!"

"Anachukua nini?"

"Chochote! Tazama humu ndani. Chukua kitu cha huyu mzee, uende nacho."

Kiyomi akatazama. Alitazama televisheni, akatazama viatu vya Leonce, akatazama saa ya ukutani. Mwisho akasogea mezani, akachukua kijiko cha chai. Akainama, akaondoka nacho.

Siku ya pili alikirudisha kazini kimeoshwa, kimeng'arishwa, kimefungwa kwenye karatasi, pamoja na pakiti ya majani ya chai.

"Huyu hawezi kuiba kijiko," Philomena alimwambia mumewe. "Goli ataliiba wapi?"

Leonce, ambaye akishika jambo haliachi, akaanza kumfundisha. Kila jioni nilisikia sauti yake kabla sijafika uwanjani. "Mjapani! Baba yangu alisema kule Burma mlipiga risasi hata kikombe cha uji hakikunyweka! Leo mpira umewekwa mbele yako umelala, na unauonea huruma?" Kiyomi aliinama. "Usiiname! Nijibu!" Kiyomi aliinama tena, akaomba radhi kwa kuinama.

Benedicta ndiye aliyemfungua mdomo. Alimsimamisha katikati ya mazoezi, mpira ameukanyaga.

"Na mimi ni Mngoni. Nitukane."

"Siwezi. Wewe ni nahodha."

"Nitukane, la sivyo leo hupati mpira."

Kiyomi alifikiri. Alimtazama Benedicta juu mpaka chini kama fundi cherehani.

"Wewe," alisema, "unakimbia kama friji."

Mama wa Jamaika akaketi chini kwa kicheko, golikipa akaegemea nguzo ya goli, na Benedicta mwenyewe akalala chali kwenye nyasi akipiga miguu. Tangu siku hiyo Kiyomi alikuja na tusi jipya kila mazoezi. Alikuwa anayatunga kiwandani, akikanda, na Philomena alimsaidia Kiswahili chake.

Kupiga naye akaanza. Alipiga mwamba wa goli, akapiga juu, akampiga golikipa wa watu tumboni akaenda kumpa pole. Mwezi wa nane ukaisha hana goli. Na bado akimwona Benedicta upande, mguu ulisita, tuliuona ukisita, na katika kusita huko beki alifika.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mechi ya mwisho, Philomena alipika kuku wa kienyeji, ambaye kumpata huku inabidi uendeshe gari mpaka mashambani. Kuku wa dukani huja hana kichwa wala miguu, na firigisi yake ama haipo, ama imewekwa tumboni ndani ya mfuko wa plastiki kama dawa ya hospitali. Watoto wa siku hizi ukiwauliza firigisi ni ya nani, hawajui hata firigisi ni nini. Sisi tulijua. Firigisi ni ya baba. Nimekua nikiitazama kwenye sahani ya baba yangu, na hakuna aliyeniambia nisiiguse, kwa sababu haikuhitaji kuambiwa.

Firigisi ya siku ile ilikuwa kwenye sahani ya Leonce, pembeni, ameitunza mwishoni. Kiyomi aliyeketi mbele yake alinyoosha mkono, akaichukua, akaitia mdomoni. Akatafuna akimtazama machoni.

Philomena akaziba mdomo. Mimi nikaweka tonge chini. Leonce alifumbua mdomo, uso umemwiva, akakumbuka utani, akaufumba.

"Ni tamu," alisema Kiyomi alipomeza. "Lakini ngumu. Ya Mngoni."

Mechi ya mwisho ilichezwa Brampton, kwenye uwanja uliopakana na nyumba mpya zinazofanana zote, ambazo nina hakika wenyewe huingia kwa jirani wakidhani ni kwao. Timu ya Brampton ilikuwa na mabeki wakubwa. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili kikaenda, kikaenda, na Leonce akaanza kutazama saa. Tazmin alikuwa kando ya mstari anarukaruka. Wenzake kwenye benchi walikuwa wanamwita Leonce: mwingize, mwingize.

Leonce akainua mkono. "Kiyomi! Toka!"

Kiyomi akasimama katikati ya uwanja. Alijua maana ya kutoka: jezi aliyovaa isingerudi tena mwilini mwake. Tulijua sote.

"Sitoki!"

"Toka, nimesema!"

"Sitoki! Kaa chini, Mngoni! Kichwa kama mtungi!"

Hilo la mtungi, nakiri, alilipata kwangu.

Leonce alinigeukia, mishipa ya shingo imesimama. Nikamwambia, "Huruhusiwi kukasirika."

"Mimi ni kocha!"

"Ulikuwa mtani kabla hujawa kocha. Baba yako alienda Burma kabla mpira wako haujatengenezwa."

Tazmin akauliza kwa Kiingereza kama jambo hilo limo kwenye sheria za mchezo. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba limo kwenye sheria zilizotangulia mchezo. Leonce alibaki mkono juu kama mtu anayesimamisha basi, kisha akaushusha, akaketi kwenye nyasi.

Dakika hiyo hiyo Kiyomi akapata mpira upande wa kulia. Akampita beki. Benedicta alikuwa peke yake mbele ya goli, mikono juu, anaita kwa mapafu yote. Hata mtoto angempa. Kiyomi akainua uso, akamwona, akapiga mwenyewe. Mpira ulipita juu ya goli, ukapita uzio, ukagonga paa la gari la mtu, na king'ora cha gari kikaanza kulia.

"Hukuniona?" Benedicta alipiga kelele.

"Nilikuona."

"Sasa?"

"Nilikuona vizuri sana!"

Watu wa benchi walishika vichwa. Lakini Leonce pale chini alikuwa anacheka peke yake, kimya kimya, mabega yanatikisika.

Goli lenyewe halikuwa zuri. Mpira wa kona ulianguka katikati ya msitu wa miguu, ukamfikia Benedicta, akauweka sawa, akavuta mguu nyuma ili apige. Kabla mguu haujarudi, Kiyomi aliingia kwa ubavu, akamsukuma nahodha wake mwenyewe kwa bega, akamnyang'anya mpira mguuni, akaupiga chini kwa chini. Benedicta alipiga hewa, akaanguka. Wavu ukatikisika. Kiyomi hakusherehekea; alikimbia, kwa sababu Benedicta alikuwa ameinuka na anamfuata, na mpaka leo sijui kama alikuwa anamfuata kumkumbatia au kumpiga. Alimshika karibu na kibendera. Alifanya yote mawili.

Namba tisa ikabaki yake. Aliivaa mpaka mwaka 2012, goti lilipomkatalia, na Tazmin alicheza pembeni miaka yote hiyo akilalamika, akampikia magoli mengi. Mwaka 2011 wanawake wa Japani walipochukua Kombe la Dunia, Kiyomi alikwenda kwa Leonce kesho yake asubuhi na sufuria yake mwenyewe, akahamisha mchuzi wote kutoka jikoni mwao, akaondoka nao bila kufunga mlango. Hajaurudisha.

Lakini jioni ile ya Brampton tulirudi Downsview katika gari la Leonce, yeye na Philomena mbele, mimi nimebanwa nyuma kati ya Benedicta na Kiyomi kama shahidi wa kesi. Foleni ilikuwa ndefu. Kwenye taa ya tatu Benedicta alinyoosha shingo kunipita, amtazame Kiyomi.

"Ule mpira ulikuwa wangu," akasema.

"Ndiyo," alijibu Kiyomi.

"Nilikuwa nafunga."

"Ulikuwa unafunga."

"Na mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa sana," alisema Kiyomi. "Kama friji." Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala.